Mkono wa Jauza: Jina la Nyota na Upokezi wa Istilahi katika Kiswahili



1.0 Utangulizi

Kuanzia Desemba hadi Aprili, wakati wa magharibi na saa za mwanzo za usiku, nyota moja nyekundu huonekana katika anga lote la Afrika Mashariki. Katika orodha za wanafalaki wa dunia nzima nyota hiyo huitwa Betelgeuse. Iko nyuzi 7 tu kaskazini mwa ikweta ya mbingu, na kwa hiyo mtazamaji aliyeko Kampala au Nairobi huiona ikipita karibu na utosi wake. Haihitaji darubini. Rangi yake ni ya kaa la moto linaloanza kushikwa na majivu, na yeyote aliyekwisha kuonyeshwa mara moja haisahau.

Nyota yenyewe ni mali ya wanafizikia. Jina lake, hata hivyo, ni mali ya wanaisimu, kwa sababu historia yake inakusanya takriban kila jambo linaloweza kulipata neno linapovuka kutoka lugha moja kwenda nyingine: kunakiliwa, kusomwa vibaya, kupewa maana mpya ya kubuni, kurudishwa lilikotoka likiwa limegeuka, na hatimaye kurekebishwa na wataalamu wa maandishi ya kale. Mhadhara huu unakusudia kuifuata historia hiyo kwa hoja moja: jina likitoka mikononi mwa watu wanaoelewa maana yake hubaki sauti tupu, na sauti tupu haina cha kuisahihisha. Hoja hiyo inakihusu Kiswahili moja kwa moja, kwa kuwa ndicho kinachotakiwa leo kuamua nyota hii iitweje katika vitabu vya shule.

2.0 Nyota yenyewe

Kabla ya jina, ni vema kitajwe kitu chenyewe. Betelgeuse ni jitu kuu jekundu. Masi yake hukadiriwa kuwa kati ya mara 15 na 20 ya masi ya Jua, na nusu kipenyo chake ni zaidi ya mara 600 ya kile cha Jua. Lau ingaliwekwa mahali pa Jua, ingalizimeza sayari za Utaridi, Zuhura, Dunia na Mirihi. Umbali wake ni mgumu kupimwa. Makadirio mengi huangukia kati ya miaka ya nuru 500 na 700 na ushei. Uso wake una joto la Kelvini 3,500 hivi, ilhali uso wa Jua unakaribia Kelvini 5,800. Hiyo ndiyo sababu ya wekundu wake.

Nyota kubwa huishi maisha mafupi. Jua limeishi miaka bilioni 4.6 na bado liko katika umri wa makamo. Betelgeuse haijatimiza hata sehemu ndogo ya umri huo, kwani miaka yake huhesabiwa kwa mamilioni machache tu, nayo tayari imekwisha haidrojeni ya kitovuni. Inatazamiwa kulipuka katika muda usiozidi miaka 100,000 ijayo au karibu na hapo, kipindi ambacho kwa hesabu za nyota ni kama kesho kutwa.

Mwangaza wake haukai mahali pamoja. John Herschel alianza kuyaandika mabadiliko hayo mwaka 1836. Mnamo Desemba 1920, katika kituo cha Mount Wilson huko California, Albert Michelson na Francis Pease waliipima upana wake, ikawa nyota ya kwanza baada ya Jua kupimwa kipenyo. Kati ya mwisho wa 2019 na Februari 2020 ilififia kiasi cha kuwashtua watazamaji wa kila bara, na wengi wakadhani mlipuko umewadia. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kuwa nyota hiyo ilikuwa imetoa wingu la gesi, nalo lilipopoa likageuka vumbi lililoziba sehemu ya mwanga wake.

Palibaki fumbo moja. Pamoja na mpigo wa siku 400 hivi, mwangaza wa Betelgeuse hupanda na kushuka katika mzunguko mrefu wa takriban siku 2,100, yaani karibu miaka sita, na mzunguko huo haukuweza kuelezwa kwa mapigo ya nyota peke yake. Mwaka 2024 makundi mawili ya watafiti yalitoa hoja kwamba huenda kuna nyota ndogo inayoizunguka. Desemba ya mwaka huohuo, kundi lililoongozwa na Steve Howell liliitazama kwa darubini ya Gemini North iliyoko Mauna Kea, Hawaii, na Julai 2025 likatangaza kuwa limeona dalili za nyota hiyo. Watafiti wenyewe waliueleza ugunduzi wao kuwa ni wa kuelekea tu, si wa kukata shauri. Nyota hiyo ndogo inakadiriwa kuwa na masi ya mara 1.5 ya Jua, na iko karibu mno na jitu lile hivi kwamba inapita ndani ya tabaka za nje za angahewa yake.

3.0 Maradufu au pacha?

Hapa ndipo kazi ya mwanaistilahi inapoanza. Nyota mbili zinazozungukana kwa nguvu ya uvutano ziitweje kwa Kiswahili? Maandishi ya Kiswahili hutumia ama “nyota maradufu” ama “nyota pacha”, mara nyingi bila kutofautisha. Lakini kuna mambo mawili yanayohitaji maneno mawili. Zipo nyota zinazoonekana jirani kwa sababu tu ziko katika mstari mmoja wa mtazamo, ilhali moja iko nyuma ya nyingine kwa umbali usiosemeka. Na zipo nyota zilizofungamana kweli, zilizotokana na wingu moja la gesi na kuishi pamoja. Neno “maradufu” linataja idadi tu: kitu kimoja kuwa viwili. Neno “pacha” linataja uzazi. Inafaa, basi, “maradufu” litumike kwa jozi ya mwonekano na “pacha” kwa jozi ya udugu.

Huenda ikadaiwa kuwa Betelgeuse na mwenzake hawawezi kuwa pacha, kwa kuwa mmoja ana masi zaidi ya mara kumi ya mwingine. Pingamizi hilo linasahau maana ya neno. Katika matumizi ya Waswahili, pacha si lazima wafanane. La lazima ni kuzaliwa pamoja. Kurwa anaweza kuwa mrefu na Doto akawa mfupi, wasiache kuwa Kurwa na Doto. Na kwa hakika umri ndio unaoifanya jozi hii iwe ya ajabu. Nyota hizi mbili zinadhaniwa kuwa za rika moja. Lakini Kurwa amekwisha kuwa kikongwe aliye karibu na kaburi, ilhali Doto bado ni mtoto ambaye, kwa makadirio ya wagunduzi wake, hajaanza hata kuunguza haidrojeni kitovuni mwake. Istilahi “pacha” inaubeba ukweli huo wote; “maradufu” hailifikii hata nusu yake.

Kiswahili kina nyenzo nyingine isiyotazamwa vya kutosha, nayo ni ngeli. Neno “jitu” ni “mtu” lililohamishiwa ngeli ya ukubwa, na “kibete” linakaa katika ngeli ya udogo. Mwanafunzi anaposoma “jitu jekundu” na “kibete cheupe”, viambishi vya upatanisho vimekwisha kumweleza tofauti ya vipimo kabla hajafika kwenye tarakimu. Hii si tafsiri ya istilahi ya kigeni tu. Ni sarufi ya Kiswahili ikifanya kazi yake.

4.0 Safari ya jina

Waarabu wa kale waliona katika sehemu hiyo ya anga umbo la mwanamke waliyemwita al-Jauza. Asili ya jina hilo imejadiliwa sana. Mzizi wake unahusishwa na dhana ya katikati. Nyota nyekundu waliiita Yad al-Jauza, yaani mkono wa Jauza, na nyota nyeupe iliyo upande wa pili waliiita Rijl al-Jauza, mguu wa Jauza. Wagiriki waliona katika nyota hizohizo umbo la mwanamume, mwindaji Orion, na katika karne ya 2 Ptolemaio wa Aleksandria aliiorodhesha nyota nyekundu kuwa iko kwenye bega la kuume la mwindaji huyo. Elimu ya Kigiriki ilipotafsiriwa kwa Kiarabu, mapokeo hayo mawili yalikaa pamoja katika vitabu vya falaki: bega la mwanamume na mkono wa mwanamke vikawa nyota moja.

Vitabu vya Kiarabu navyo vilitafsiriwa kwa Kilatini, na katika karne ya 13 jina la nyota hii linaonekana katika Kilatini likianza kwa B: Bedelgeuze na maumbo yanayokaribiana nalo. Sauti hiyo ilitoka wapi, ilhali neno la Kiarabu linaanza kwa Y? Jibu lililokubaliwa zaidi ni la Paul Kunitzsch, profesa wa taaluma za Kiarabu katika Chuo Kikuu cha München, aliyetumia maisha yake kufuatilia majina ya nyota katika hati za Kiarabu na Kilatini. Katika khati ya Kiarabu, herufi ya inapoanza neno ina umbo lilelile la herufi ba. Kinachozitenganisha ni nukta zilizo chini, mbili kwa ya na moja kwa ba. Nukta moja ikisahauliwa na mnakili, au ikifutika karatasini, yad husomeka bad. Mkono ukapotea kwa nukta moja. Mguu ulisalimika, kwa kuwa herufi yake ya kwanza haikuchanganywa na nyingine. Nyota ile nyeupe huitwa Rigel hadi leo.

Kosa halikukomea hapo. Wasomi wa Ulaya wa nyakati za baadaye walijua kuwa jina ni la Kiarabu na wakataka kujua maana yake. Kwa kuwa bad al-Jauza haikuwa na maana, wakatafuta neno lenye kufanana na silabi hizo, wakapendekeza kwamba ni kwapa, ambalo kwa Kiarabu ni ibt. Pendekezo hilo lilikuwa na mvuto: kwapa liko karibu na bega, na bega lilikuwa limetajwa na Ptolemaio. Mantiki ilikuwa safi. Ushahidi wa hati haukuwapo. Hata hivyo maelezo hayo yalienea vitabuni, na yaelekea ndiyo yaliyorudi katika Kiarabu chenyewe, maana katika maandishi ya Kiarabu cha leo nyota hii huitwa mara nyingi Ibt al-Jauza. Hivyo neno lililotoka nyumbani likiwa mkono lilirejea likiwa kwapa, na wenyeji wakalipokea.

5.0 Nukta na msomaji

Wanafunzi wa khati ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu hawatalishangaa kosa hili. Katika maandishi ya kale ya pwani, herufi ba ilibeba peke yake sauti ambazo alfabeti ya Kirumi huziandika b, p na mb. “Bata” na “pata” zingeweza kuandikwa sawasawa. Je, wasomaji wa Lamu na Mombasa walipotea? La. Msomaji aliyeijua lugha alisahihisha alichokiona kwa alichokielewa: panapozungumzwa ndege alisoma bata, na panapozungumzwa riziki alisoma pata. Muktadha ulikuwa nukta isiyoandikwa.

Msomaji Mwarabu aliyekutana na bad al-Jauza naye angeweza kusahihisha papo hapo, kwani alijua kuwa umbo lenye mguu halikosi mkono. Mfasiri wa Kilatini hakuwa na msaada huo. Kwake yad na bad zilikuwa sauti mbili zilizolingana kwa kutokuwa na maana. Nomino za pekee ndizo zinazoathirika zaidi katika upokezi kwa sababu hiyohiyo: neno la kawaida hulindwa na maana yake katika sentensi, lakini jina, likishatengana na wanaolielewa, halina mlinzi.

Kinyume chake pia ni kweli. Wagunduzi wa pacha wa Betelgeuse walipopendekeza jina la nyota hiyo ndogo walichagua Siwarha, yaani siwar, bangili, pamoja na kiambishi cha Kiarabu -ha, chenye maana ya “-ake” kwa mwanamke. Jina hilo ni la kupendeza na tena ni sahihi: nyota ndogo inayouzunguka mkono wa Jauza ni bangili yake. Lakini lisingewezekana kama Betelgeuse ingebaki kwapa, kwani bangili haivaliwi kwapani. Wanafizikia wa 2025 waliweza kutaja walichokiona kwa sababu mtaalamu wa hati alikuwa amewarudishia mkono. Mara nyingi huulizwa uchambuzi wa maandishi ya kale una faida gani kwa sayansi. Hapa kuna jibu moja lisilohitaji utetezi.

Kwa Kiswahili, Siwarha ni “bangili yake”, au kwa ufupisho wa washairi, “bangiliye”. Tafsiri hiyo inahifadhi umiliki lakini inapoteza jinsia, kwa kuwa -ake ya Kiswahili haibagui mke na mume. Anayetaka kujua kuwa Jauza ni mwanamke hana budi kuelezwa.

6.0 Jauza katika Kiswahili

Neno Jauza si geni katika Kiswahili. Limo katika orodha ya buruji kumi na mbili zilizopokelewa pwani kutoka elimu ya falaki ya Kiarabu: Hamali, Thauri, Jauza, Saratani, na nyinginezo. Majina ya sayari yalipitia njia hiyohiyo: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali hayakuizunguka Ulaya kwanza. Lakini Jauza ya buruji si umbo lile la mwanamke mwenye mkono na mguu. Baadaye Waarabu walilitumia jina hilo kwa kundi jirani la Mapacha, nalo umbo la awali wakaliita al-Jabbar. Kiswahili kikapokea maana hiyo ya baadaye, na ndiyo inayojulikana na wasomaji wa kurasa za nyota katika magazeti.

Mtunga kamusi, basi, ana njia nne. Ya kwanza ni kuliacha jina Betelgeuse kama lilivyo. Njia hiyo ina nguvu ya kimataifa: Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki uliliidhinisha jina hilo rasmi mwaka 2016. Ya pili ni kulitohoa, Betelijuzi au umbo jingine kama hilo. Lakini huko ni kukopa kwa mzunguko neno ambalo sehemu yake kubwa tayari imo katika Kiswahili. Ya tatu ni Ibuti la Jauza, umbo ambalo limekwisha kuonekana katika maandishi ya Kiswahili. Hilo linakopa kosa lenyewe, tena kwa neno lisiloeleweka, kwani Mswahili ana kwapa na hana ibuti. Ya nne ni Mkono wa Jauza.

Kwa vigezo vya kawaida vya uundaji wa istilahi, njia ya nne inashinda kwa uwazi na kwa upatanifu na mfumo, kwa kuwa inaruhusu kuundwa kwa Mguu wa Jauza na Bangili ya Jauza kwa utaratibu uleule. Ina dosari moja isiyopaswa kufichwa: mwanafunzi anayejua kuwa Jauza ni Mapacha ataitafuta nyota hii mahali pasipo pake. Dosari hiyo haiondolewi kwa kuikimbia, bali kwa maelezo. Kidahizo “Jauza” kinastahili maana mbili zenye tarakimu, ya 1 kwa buruji na ya 2 kwa umbo la kale la al-Jabbar, kama kamusi zinavyofanya kwa maneno mengine mengi. Majedwali ya kisayansi yaendelee kutumia Betelgeuse. Kitabu cha shule kiseme Mkono wa Jauza na kutaja jina la kimataifa mara ya kwanza. Mwanafunzi hatapoteza chochote, naye atapata jina linalosema kitu.

7.0 Hitimisho

Ipo hatari ya kudhani kuwa kisa hiki ni cha Waarabu na Walatini wa zamani. Wakulima na wanamaji wa Afrika Mashariki nao waliipa majina mbingu. Kilimia ni jina lililotokana na kulima, na methali ya pwani isemayo kwamba kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, ni kanuni ya majira iliyofumbwa ndani ya sentensi moja. Jina hilo limelindwa na maana yake: anayelima hawezi kulikosea. Lakini mtoto asiyelima, anayelisikia redioni au kulisoma katika orodha, analipokea kama mfasiri wa Kilatini alivyoipokea bad.

Kazi inayowangoja wanafunzi wa leo ni ya kawaida na ina haraka. Wapo manahodha na wavuvi wazee wa Lamu, Pemba na Kilwa waliosafiri kwa nyota kabla ya vifaa vya satelaiti kuenea. Majina wanayoyajua yaandikwe kutoka vinywani mwao, kila jina pamoja na maana yake, nyota inayotajwa, majira yake na sababu ya kuitwa hivyo, kwa tahajia inayohifadhi matamshi. Orodha ya majina bila maana haitoshi. Hiyo ndiyo iliyougeuza mkono kuwa kwapa. Nukta ikipotea katika orodha, hakuna atakayejua kuwa imepotea. Ikipotea ndani ya maelezo, msomaji mwenye akili ataweza kuirudisha.